Kifua cha Gari

Kazini kwangu, hospitali ya Makadara,
nawapa watu kibomba cha plastiki na kuwaambia: vuta
hadi kitovuni, kisha puliza kama unayezima jiko.
Mshale ukipanda naandika. Usipopanda naandika.
Kwa hivyo Shebwana aliponiletea bomba lake,
la alumini, jekundu, nene kama mkono wa kuli,
na chujio la koni mwishoni, mfano wa kawa,
alijua anamletea nani.

"Dada, hili linaongeza nguvu za farasi kumi na watano."
Nani kawahesabu?
"Imeandikwa kwenye boksi."
Elfu thelathini na nane.
Na arusi ya Mwanasha wiki tatu mbele,
mchango wake hatujauona.

Fundi Nyondo, gereji ya Shimanzi,
alilivua lile sanduku jeusi la kiwandani,
akalifuta kwa tambara, akaliweka juu ya tairi
kwa adabu, kama kofia ya marehemu.
Akafunga bomba jipya. Akawasha.

Na kweli Subaru ilinguruma.
Ilivuta kwa mluzi, ikatoa kwa kikohozi,
watoto wa chuoni wakachungulia mlangoni,
muuza vyuma akaziba sikio kwa bega.
Shebwana meno yote nje.
Mimi kimya. Kitu kimoja nakijua cha kifua:
mzima humsikii akipumua.
Mwenye pumu ndiye asikikaye hadi barazani.

Tukapima.
Saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Dongo Kundu,
umande viooni, gia ya tatu,
kutoka arobaini hadi mia, saa mkononi mwangu.
Sanduku la zamani: sekunde saba nukta nne.
Bomba: saba nukta mbili.
Mara tano kwenda, mara tano kurudi,
maana upepo nao una upande wake.
"Unaona!"
Naona. Kufumba jicho mara moja.
Ngoja jua.

Saa saba mchana, foleni ya Makupa,
makontena mbele, makontena nyuma,
usukani wenyewe unatoka jasho.
Nilikuwa nimepenyeza waya wa kipimajoto hadi kwenye koni.
Nje, nyuzi thelathini na tatu.
Pale koni inaponywa, sitini na nane.
Maskini, ilikaa uchi ubavuni mwa tabo
ikivuta hewa iliyokwisha kupikwa.
Tulipopata uwazi: saba nukta tisa.

Shebwana akaitazama karatasi yangu
vile watu wanavyotazama eksirei,
wakitafuta humo sura ya mtu wanayemjua.
Sikumwambia alitoe.
Mvuta sigara ukimwambia aache, anahama daktari.

Nyondo ndiye aliyenyanyuka.
Akarudi na debe la mafuta, la mama wa viazi karai,
akalipasua kwa mkasi wa bati, akalikunja,
akalisimamisha baina ya koni na moto,
ukingoni akauvisha mpira usije ukakata waya.
Ile pua ya zamani iliyochungulia kando ya taa
akairudisha palepale.
Mia tatu, na soda.

Kesho yake, foleni ileile, saa ileile:
nyuzi arobaini na moja.
Sekunde saba nukta tatu.
Debe tupu, wasemavyo, haliachi kuvuma.
Hili lilinyamaza humo ndani, likinuka viazi,
likafanya kazi.

Nikaandika vivyo hivyo, nikatia sahihi.
Chini nikaongeza: koni ioshwe kila mwezi,
vumbi la Bamburi si mchezo;
na masika yakija, Kwa Jomvu usipite nalo.

Usiku ule nilimsikia tangu kona ya Tudor,
mluzi, kikohozi, mluzi.
Mama, ambaye hulala jicho wazi mpaka arudi,
akasema, "Huyo,"
akageukia ukutani.